Siti ya Mtu Mmoja

Ilianza Jumatano ya pili ya Februari, saa kumi na dakika ishirini jioni, sebuleni kwa Shangazi Domitila, Kibondo. Saa naijua kwa sababu niliiandika. Mwaka ule, nikiwa kidato cha tatu, niliandika kila kitu kwenye kauntabuku lenye jalada jekundu, hata chakula tulichokula, maana kuandika kulinijia kirahisi kuliko kusema. Mpaka leo naweza kumaliza siku nzima bila kutoa neno ambalo sikuulizwa. Ukurasa wa siku ile unasema: ugali wa muhogo, sombe ya kisamvu, Shangazi kawahi kurudi, kavua viatu akabaki kasimama, kasema anataka kununua pikipiki. Chini yake nimeandika, "Kwa nini?" na kupiga mistari miwili. Mstari wa pili umetoboa karatasi.

Sasa nina miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha sita, nasubiri matokeo, na kauntabuku hilo sikuwahi kulifungua tangu nilipolijaza. Jumamosi iliyopita tulikuwa Kasulu kwenye harusi, na kwenye foleni ya pilau nikasikia mtu nyuma yangu ananiita "binti wa siti". Alikuwa Bwana Athumani, mwenye duka la pikipiki, mtu wa asili ya Tanga ambaye ameishi Kasulu miaka mingi lakini bado anaongea kama aliyeshuka kwenye basi jana. Aliniuliza kama ile siti ndefu bado ipo. Nikamwambia ipo, ninaikalia. Alidhani namtania. Lakini ni kweli, na hata sasa ninapoandika nimeikalia: iko juu ya matofali manne chini ya dirisha la Shangazi, ngozi yake nyeusi imepasuka upande mmoja, na mtaani kwetu hakuna benchi linaloishinda. Ndiyo maana nimelitafuta kauntabuku. Nilidhani nikisoma nitaelewa kitu ambacho wakati ule kilinipita. Nimesoma mara mbili. Bado sijaelewa vizuri, lakini nitaandika kama ilivyokuwa.

Nilikuwa nakaa kwa Shangazi kwa ajili ya shule. Hayo mengine ya ukoo hayahusu hapa. Yeye alifundisha shule ya msingi upande wa Kitahana, na kila siku alikwenda na kurudi kwa bodaboda. Kwa hiyo kutaka pikipiki yake mwenyewe si ajabu. Ajabu ilikuwa pikipiki yenyewe. Alinionyesha kwenye simu, akiwa ameishika kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika kifaranga. Ilikuwa mpya kabisa, lakini imeundwa kwa sura ya pikipiki za zamani: taa moja ya duara mbele, tangi la kijani lenye mashavu, rimu za spoku, ekzosi ndefu inayong'aa, na siti fupi ya mtu mmoja yenye nundu ndogo nyuma. Karia haikuwepo. Niliitafuta kwa macho kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba. Nikamuuliza madaftari ya wanafunzi atayaweka wapi, akasema mgongoni, kwenye begi. Nikauliza mkungu wa ndizi je. Akasema hana mpango wa kubeba ndizi. Halafu akasema jambo ambalo niliandika neno kwa neno, kwa kuwa sikuwahi kumsikia mtu mzima akilisema kuhusu kitu cha kununua: alitaka pikipiki ya kumfurahisha. Tena si ya Jumapili. Ya kumfurahisha kila siku, kwenda kazini na kurudi.

Kazi ya kutafuta alinipa mimi, akisema mimi ndiye msomaji wa nyumba. Nilichora jedwali. Safu ya kwanza ilikuwa pikipiki ya kazi, ile ambayo kila mtu anayo, yenye taa ya pembe na karia pana. Ya pili ilikuwa ndefu, ya matope, ambayo Shangazi akiipanda miguu yake ingening'inia kama ya mtoto kwenye kiti cha kanisa. Safu mbili zilizobaki zilikuwa za taa ya duara. Niliandika uzito, urefu wa siti kutoka chini, ulaji wa mafuta, breki, kama inawashwa kwa kiki au kwa kitufe tu. Nilipenda kazi ile kuliko nilivyoonyesha. Jioni, Shangazi akikata vitunguu, nilimchezea kwenye simu milio ya injini moja baada ya nyingine, naye anasikiliza amefumba macho, nami naogopea vidole vyake. Ya kwanza alisema inalalamika. Ya pili alisema ina haraka ya watu. Ilipofika ile ya kijani kisu kilisimama. Alisema, "Hiyo inaongea na mtu mmoja." Nikaandika kwenye jedwali, sehemu ya mlio: inaongea na mtu mmoja. Sikujua safu hiyo niijaze nini kwa zile nyingine.

Jumamosi tulikwenda kwa Fundi Nestori, ambaye banda lake liko njia ya sokoni na ambaye ameshika kila injini ya Kibondo walau mara moja. Alilisoma jedwali langu lote, jambo lililonifanya nitazame miguu yangu. Taa ya duara hakuipenda, alisema inaona karibu tu, kama jicho la mbuzi. Spea zake alisema zitatoka mbali, lakini zitatoka. Alitaka tu kujua kama ina kabureta, maana yenye kabureta ataitengeneza hata akiwa amefumba macho, na yenye kompyuta itamtengeneza yeye. Walicheka. Halafu akafika kwenye picha ya siti, akaweka spana chini.

"Mwalimu, hapa watu watakaa wapi?"

"Watu gani?"

"Watu," alisema Fundi, kama mtu anayeulizwa mvua ni nini.

Kwa asiye wa huku, hapo panahitaji maelezo. Kabla ya bodaboda, mgonjwa wa milimani alibebwa kwa ngobyi, machela ya kusuka, na kila nyumba ilitoa bega lake kwa zamu. Nyumba isiyotoa bega ilijulikana, na siku yake ikifika ilibaki na mgonjwa wake mlangoni. Ngobyi zenyewe sasa huzioni, lakini ile zamu haikufa. Ilihamia kwenye siti ya nyuma. Ukinunua pikipiki huku, siti ya mbele ni yako na ya nyuma ni ya mtaa: ya mjamzito, ya bibi wa kliniki, ya mtoto aliyeanguka kwenye mparachichi. Hakuna mahali pameandikwa hivyo. Pikipiki mpya ikifika majirani wanakuja kuipongeza, na kila mmoja anaikalia kidogo siti ya nyuma, kama anayejipima nguo. Kwa hiyo kununua pikipiki ya siti moja ilikuwa ni kutangaza kwamba nyumba hii haina bega.

Habari ilifika mtaani kabla yetu. Siku mbili baadaye nilikuwa naosha vyombo nyuma ya nyumba na Mama Kezia, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alikuwa upande wa pili anapukuchua maharage na mwenzake. Mama Kezia ana goti lililovimba, na kila Alhamisi anatakiwa kliniki. Nilimsikia akimwambia mwenzake kwamba mwalimu si mtu wa namna hiyo, kwamba picha ya simu inadanganya. Ile nundu ya nyuma, alisema, bila shaka inafunguka na kuwa siti, kama kochi la kuvuta analoliona kwa padri. Nilisikia maharage tu yakidondoka kwenye beseni. Mwaka ambao Shangazi alihamia mtaa ule alishikwa na malaria kali asubuhi moja ya mvua, bodaboda wakakataa kupanda kilima kwa utelezi, na watu wanne wakambeba kwenye kitanda cha kamba hadi hospitali. Mama Kezia, ambaye wakati huo goti lake lilikuwa zima, alikuwa mmoja wa wale wanne.

Nilimweleza Shangazi niliyoyasikia. Alikuwa anasahihisha madaftari chini ya taa, rundo kushoto, rundo kulia. Halafu akaanza kunisimulia kambi ya wakimbizi ya Mtabila, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. Alikulia kambini na baadaye akafundisha humo kabla haijafungwa. Jinsi alivyotoka na kupata karatasi zake ni habari yake, sitaiandika. Alisema kambini kitu kilichomchosha kuliko njaa ni watu. Foleni ya maji, foleni ya unga, hata chooni foleni, na usiku unasikia jirani anageuka kitandani. Kulikuwa na mama mmoja muuguzi aliyekuja kuchanja watoto kwa pikipiki ya kijani ya taa ya duara. Nyuma yake, mahali pa abiria, lilifungwa boksi la chanjo, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumwomba lifti. Alikuja peke yake, akaondoka peke yake.

"Nilikuwa simwangalii anavyokuja," Shangazi alisema. "Nilikuwa namwangalia anavyoondoka."

Akafunga daftari la mwanafunzi na kuliweka kulia.

"Dakika ishirini kwenda, mwana wanje, mwanangu, na dakika ishirini kurudi. Ndizo ninazoomba. Zilizobaki zote ni zenu."

Hapa lazima niwe mkweli, maana bila hivyo hakuna haja ya kuandika. Neno lililonichoma ni "zenu". Nilikuwa nimefikiri sisi ni wawili na watu ni wale wa nje. Kumbe mimi nilikuwa ndani ya watu. Na kuna kingine. Tangu ile Februari, kila nilipojaza jedwali nilikuwa najiona nimekaa nyuma yake, kofia ngumu kichwani, tunapita wenzangu njiani, nashuka getini bila kulazimika kuongea na mtu. Siti ya mtu mmoja nilikuwa nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwenye safu ya nne, na bado akilini nilikuwa nimekaa juu yake pamoja naye. Sijui ubongo unafanyaje hivyo.

Likizo ya Juni nilikwenda Kasulu kwa mama, na Shangazi, aliyekuwa ameshamaliza mambo ya malipo kwa simu, alinipa karatasi nimpelekee Bwana Athumani ili yasitokee makosa: aina, rangi ya kijani, taa ya duara, jina lake kamili. Karatasi niliandika mimi. Wiki hiyo hiyo Bwana Athumani alikuwa amemweleza kwamba sanduku linakuja na siti mbili, fupi na ndefu, mteja anachagua ipi ifungwe. Shangazi alilikumbuka hilo tukiwa tayari stendi, basi linanguruma. Alinisogelea dirishani akasema nisisahau, siti ni ile fupi. Kwa hiyo kati ya yote, hilo ndilo jambo pekee lililobebwa na mdomo wangu.

Duka la Bwana Athumani lilinuka mpira mpya na tangawizi. Mkewe alinikaribisha chai na vitumbua kama mgeni wa harusi, nikala nikitazama sakafu. Bwana Athumani aliisoma karatasi kwa sauti, akisifia mwandiko, akasema kijani ni rangi ya heri, akasema nimfikishie shangazi yangu salamu za watu wa pwani wasio na pwani. Halafu akanyanyua kalamu. Siti ipi, akauliza. Kwenye kauntabuku nimejaribu mara tatu kuandika kilichopita kichwani wakati ule, na mara zote nimefuta. Nilimwona Mama Kezia na beseni lake. Nilimwona yule mama wa chanjo. Nilijiona na kofia ngumu. Ni yupi kati yao aliyesema, sijui.

"Ndefu," nikasema.

"Ndefu? Mwenyewe kasema?"

"Ndiyo, shikamoo, kasema ndefu."

Alicheka ile shikamoo iliyokosea njia, akaandika. Nimekaa miaka mingi nikiwa mtu ambaye hawezi kusema neno mbele ya mgeni, na neno la kwanza nililolisema waziwazi, kwa sauti, mara mbili, lilikuwa uongo. Fupi, alisema, ataihifadhi dukani mpaka wenyewe waihitaji.

Pikipiki ililetwa Kibondo mwezi wa saba, jioni yenye vumbi. Mtaa mzima ulikuwa umeshajua. Dereva aliyeileta alipoishusha kwenye gari watu walisogea, maana ilikuwa nzuri kuliko kwenye simu. Tangi lilionyesha sura zetu zote zimepinda. Shangazi aliizunguka. Alishika taa, akashika tangi, mkono ukashuka ukafika kwenye siti, ukaenda nayo hadi mwisho, na mwisho ulikuwa mbali. Kisha akanitazama. Mimi nikamtazama kuku. "Nzuri," alisema. Kabla hajasema lingine Mama Kezia alikuwa ameshasaidiwa kupanda, amekaa nyuma, fimbo ameilaza mapajani, uso umemng'aa. Akawageukia wale wengine.

"Si niliwaambia inafunguka?"

Watu walicheka, wakapiga vigelegele, na mmoja mmoja wakaja kujipima. Shangazi aliingia ndani. Nilimsikia kupitia pazia akiongea na simu kwa sauti ya chini, maneno machache. Nilidhani anampa taarifa mwalimu mkuu. Alitoka na trei ya chai, akawaandalia wageni wote, na usiku tulikula dagaa na ndizi bila kuzungumzia siti. Niliandika: dagaa, ndizi. Hajasema. Kwa nini hajasema?

Nilipata nilichokitaka, hilo niliseme pia. Jumatatu alinipakia hadi shuleni. Lami ilikuwa bado mpya, pikipiki ilikwenda kwa mlio wake ule wa taratibu, na bodaboda wa kijiweni walimwambia Tiicha awaachie na wao riziki. Wenzangu waliniona. Nilishuka getini kama nilivyoota. Lakini njia nzima nilichokiona ni mgongo wa Shangazi, na mgongo ule ulikuwa mgongo wa mtu aliyepakia mtu: umenyooka, unasikiliza, unapima kila shimo kwa ajili ya mwingine. Usiku niliandika, "Leo nimepakiwa. Sijui kama nimefurahi." Nimesoma sentensi hiyo juzi, na msichana aliyeiandika nikamwonea huruma, halafu nikamkasirikia.

Kufikia Oktoba siti ile ilikuwa na ratiba. Alhamisi ilikuwa ya Mama Kezia na kliniki. Jumapili ilikuwa ya mama wa kwaya na ngoma yake. Kati ya hapo walipita mtoto wa mkono uliovunjika, bwana harusi aliyechelewa, na wajawazito wawili, mmoja akirudi amebeba kichanga. Fundi Nestori, kwa moyo mzuri, alifunga karia bila kuulizwa, akasema ni zawadi yake kwa mwalimu, na hivyo hata ndizi zikapata nafasi. Shangazi hakumnyima mtu. Wala hakununa. Asubuhi kabla hajawasha, palikuwa na mtu amesimama kando, amevaa vizuri, anasema naye anaelekea huko huko Kitahana. Mtaa ulimpenda kuliko zamani. Nami nilianza kujiambia kwamba labda nilimfanyia wema, labda mimi mtoto nililiona jambo ambalo yeye hakuliona. Nililiandika hilo pia. Mwandiko wa ukurasa huo ni mzuri kuliko wa kurasa nyingine.

Halafu Jumanne moja niliamka nikakuta pikipiki ipo uani na Shangazi hayupo. Alikuwa ameondoka kabla hakujapambazuka, kwa miguu. Jioni alirudi na viatu vyekundu kwa udongo, akasema mafuta yaliisha. Wiki iliyofuata ikatokea tena, na nyingine tena, mara mbili. Majirani walieleza kila mmoja lake: anabana matairi, ana nadhiri, daktari kamwambia atembee. Mimi niliisogelea pikipiki uani, nikaishika usukani, nikaitikisa. Mafuta yalicheza ndani ya tangi, tele. Nilisimama pale nimeishika. Mtu ananunua pikipiki, anaiacha nyumbani imejaa mafuta, anatembea milima kwenda kazini. Nilihesabu: kwa miguu ni zaidi ya saa nzima. Alikuwa anazitafuta zile dakika zake kwa miguu, gizani, kabla watu hawajavaa. Siku hiyo kwenye kauntabuku nimeandika chakula tu.

Katikati ya Novemba, Jumatano, saa kumi na moja jioni, gari la Bwana Athumani lilisimama mlangoni. Alikuwa na mizigo ya Kibondo, akaona apite, na kwapani alikuwa na kitu kimefungwa kwa karatasi ya kaki. Alikiweka mezani katikati ya madaftari. Ilikuwa ile siti fupi. Alisema duka linapanuliwa, hataki mali ya watu ipotee kwenye vumbi la mafundi. Shangazi akamimina chai. Mimi nilikuwa nimesimama na sahani ya mihogo mkononi, sikujua niiweke wapi.

"Mwalimu, siku ile mlibishana nini na binti?" Bwana Athumani aliuliza, anacheka, hana habari. "Umenipigia jioni ile ile ilipofika. Unaniuliza nani kasema ndefu. Nakwambia binti yako. Ukanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Halafu ukasema basi, sawa."

Shangazi alisema ndiyo, anakumbuka, akamsogezea sukari. Wakazungumza mvua, bei za maharage, barabara ya Manyovu. Nilisikia yote na sikusikia hata moja. Alipoondoka, Shangazi alirudi akakaa mahali pake, nami nikabaki upande wa pili wa meza, siti ikiwa kati yetu.

"Ulijua," nikasema.

"Nilijua."

"Kwa nini hukusema?"

Aliinyoosha ile karatasi ya kaki kwa kiganja, akaikunja mara mbili, kama anavyokunja kila karatasi inayoweza kutumika tena.

"Tangu umekuja hapa, Odila, hujawahi kuniomba hata chumvi. Iko mbele yangu, unainuka, unazunguka meza nzima, unaichukua. Sasa naambiwa umesema ndefu. Nikajiambia, hiki ameomba. Ameomba vibaya, lakini ameomba." Akaiweka karatasi pembeni. "Nikasubiri uniombe mwenyewe, au uniambie. Moja kati ya hayo mawili."

"Na zile dakika zako?"

"Si natembea."

Hakuna zaidi. Hakunifokea, hakunikumbatia, alivuta rundo la madaftari na kuanza kusahihisha, na baada ya muda akasema mihogo inapoa. Mpaka leo sijui kama ule ulikuwa upendo au ni mwalimu tu anayesubiri mwanafunzi anyooshe mkono. Nimemuuliza mara moja, mwaka jana, akasema hakumbuki. Anakumbuka. Usiku ule nililala na kuamka, na kila nilipoamka nilipanga sentensi, na kila sentensi ilikuwa ndefu mno kwa mdomo wangu.

Asubuhi, Alhamisi, niliamka saa kumi na moja na nusu. Chini ya kifuniko cha pembeni cha pikipiki kuna kifuko cha spana, nilikijua kutokana na jedwali langu. Nilifungua boliti nne za karia ya Fundi Nestori, kisha mbili za siti ndefu. Moja ilikaza, nikaisimamia kwa uzito wangu wote mpaka ikalia. Siti fupi iliingia mahali pake kama iliyokuwa inasubiri. Nililifuta tangi kwa kipande cha khanga, na taa, na spoku moja moja, halafu nikaibeba siti ndefu begani nikaiweka chini ya dirisha. Sikumgongea Shangazi. Nilikwenda mlango wa pili.

"Mwakeye, Mama Kezia."

Aliitikia, akashangaa, maana sikuwa mtu wa kusalimia wa kwanza. Nikasema yote nikiwa nimesimama, nikimtazama usoni: kwamba siti ile Shangazi hakuitaka, kwamba ni mimi niliyedanganya dukani, kwamba nimeifungua, na kwamba kuanzia leo bega la nyumba yetu siku ya Alhamisi ni mimi na baiskeli yetu ya uani. Alinitazama toka kichwani hadi kwenye mikono yangu yenye grisi. Halafu akauliza kama baiskeli yetu ina breki.

Nikamwambia iko ya nyuma tu. Akachukua fimbo. Nilimpakia kwenye baiskeli nikaisukuma kwa miguu, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine mgongoni kwake, nikijua nitachelewa shule na nitaulizwa. Tulikuwa katikati ya kilima niliposikia nyuma yetu mlio ule, wa taratibu, unapanda. Haukupunguza mwendo na haukupiga honi. Ulitupita, ukaenda, na mimi sikuinua macho kutoka barabarani. Mama Kezia ndiye aliyeusindikiza kwa kichwa, mpaka ulipopotea kwenye kona ya Kitahana.

"Kumbe kweli haifunguki," alisema.

Nikaendelea kusukuma.